Mbwa mzima anakojoa ndani na kutetemeka: tuanze na hofu yake

SWALI

Habari za kazi, wataalamu wa mifugo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya. Mwezi wa nne tulipewa mbwa dume, Tomi, na familia iliyokuwa inahamia Dodoma. Walisema ana kama miaka mitano. Ni chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd, uzito wake kilo 22 hivi. Kule alikotoka alifungiwa bandani kutwa, banda la sakafu ya saruji, anafunguliwa usiku alinde, alfajiri anarudishwa. Sisi hatuna banda, na kwa baridi ya huku tuliona alale ndani, kwenye korido ya jikoni.

Anakojoa kwenye korido na nyuma ya makochi karibu kila siku. Nikimtoa nje tunasimama getini hata dakika 20, mkia kaufyata, macho kwenye malori yanayopita barabara kuu, hatoi hata tone. Tukirudi ndani, sijavua hata kandambili, keshamwaga kwenye saruji. Baba watoto akiingia jioni na kumwita kwa sauti, Tomi anajilaza chali na mkojo unamtoka hapo hapo. Jumapili tukienda kanisani sote, tunakuta kinyesi nyuma ya mlango, mlango umekwaruzwa mpaka kucha zimetoa damu, na majirani wanasema alilia tangu tulipofunga geti. Mvua za mwezi wa nne zilipokuwa zinapiga bati alijibana nyuma ya friji anatetemeka, hali wala hanywi.

Tumemsugua pua kwenye mkojo, amechapwa kandambili, nimedeki kwa dawa ya klorini. Jirani mmoja anasema nipake mafuta ya taa pembezoni mwa ukuta, mwingine anasema nimfunge mnyororo nje kwa kuwa mbwa mzima hafundishiki. Mama mkwe anakuja mwezi wa kumi na ameshasema halali kwenye nyumba inayonuka mkojo. Watoto wanampenda, nami sitaki kumtupa. Mbwa wa umri huu anaweza kujifunza? Nimfunge? Na ni lini niseme imeshindikana?

Ndaga fijo.
Mama wa wawili, Uyole

JIBU

Pole sana, mama. Umeeleza kwa undani, na undani huo umetusaidia.

Mbwa mzima anafundishika, na kwa upande wa kibofu ana nafuu kuliko mtoto wa mbwa. Akiwa na afya, hubana mkojo saa sita hadi nane bila taabu. Zile dakika 20 za getini zinaonyesha kibofu cha Tomi kinamtii vizuri sana. Anabana kwa sababu anaogopa, kisha anaachia akifika anapojiona salama, na hapo ni ndani kwako. Kwa hiyo kila unaloshauriwa lipime kwa swali moja: litamwongezea hofu au litampunguzia? Kandambili, pua kwenye mkojo na mnyororo vinaongeza. Tunakuomba sana viishe leo.

Mbwa huunganisha adhabu na kile kilicho mbele yake sekunde ile. Ukimsugua pua dakika kumi baada ya kukojoa, haelewi kwamba kosa ni kukojoa ndani. Anachokipata ni kwamba mtu na mkojo wakiwa pamoja, kuna kipigo. Ndiyo maana anakwenda nyuma ya makochi, na ndiyo maana hawezi kukojoa ukiwa umesimama naye nje umeshika kamba. Ule uso wa kusikitika mnaouona mkiingia ni woga wa kipigo, hauna uhusiano na kujua kosa.

Tukiisoma barua yako tunaona mikojo mitatu tofauti, na kila mmoja una dawa yake. Ule wa korido na makochi ni wa mbwa ambaye hajawahi kufundishwa pa kwenda. Miaka yote alijisaidia juu ya saruji mchana, kwa hiyo saruji ya korido kwake ndiyo choo. Ule wa jioni baba watoto anapoingia ni mkojo wa kunyenyekea: mbwa anasema kwa mwili wake “sina ubaya na wewe, usinidhuru”, na hauzuii hata angetaka. Ule wa Jumapili, pamoja na kinyesi, kulia na kukwaruza mlango, ni hofu ya kuachwa peke yake. Ukiitibu yote kwa njia moja utapata nafuu kidogo huku, kule mambo yanaharibika.

Kabla ya mafunzo, apimwe. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, figo na minyoo vinaweza kumfanya mbwa ajisaidie ndani, na dume wa umri huu ambaye hajahasiwa anaweza kuwa na tezi dume iliyovimba. Anza na kipimo unachoweza kufanya mwenyewe: asubuhi mwekee maji lita 3 kwenye chombo chake peke yake, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki. Mbwa wa kilo 22 hunywa kwa kawaida lita moja na kitu kwa siku. Akipita lita 2 na robo, mwambie daktari. Siku ya kwenda, kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa bakuli safi, uutie kwenye kichupa chenye kifuniko na uufikishe ndani ya saa moja au mbili. Chukua pia kinyesi kidogo. Usilisahau daftari la chanjo. Kama familia ile haikukupa, mhesabu kuwa hajachanjwa, apate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Hakikisha unayemwona ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza alipo, naye anaweza kutoa chanjo na dawa za minyoo, ila vipimo na dawa za hofu ni kazi ya daktari.

Sasa sakafu. Saruji ina vitundu vinavyonyonya mkojo, na pua ya mbwa inaukuta hata wewe ukiona pamekauka. Klorini iache kabisa kwenye kazi hii. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoka hewa inayochoma mapafu, yako na ya watoto. Mafuta ya taa nayo usiyaguse: Tomi atayakanyaga, atalamba miguu, na yakiingia mapafuni yanaweza kuua.

Fanya hivi. Suuza korido yote kwa maji mengi ili mabaki ya klorini yaondoke, kisha acha ikauke. Chukua sabuni ya unga iliyoandikwa kwenye paketi kwamba ina vimeng'enya (enzymes), vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Yasichemke, maana moto mkali unaua vimeng'enya. Mwagia sehemu yenye mkojo na kuizunguka kiasi cha shibiri, funika kwa kitambaa kilicholowa, uiache saa moja, kisha suuza na kukausha. Rudia siku tatu mfululizo kwa madoa ya zamani. Kapeti la sebuleni likunje ulitoe nje kwa mwezi mzima. Harufu ikibaki, pangusa kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lakini kamwe siki isikutane na klorini, nayo inatoa hewa ya sumu. Kupima kama pamesafika, funga milango usiku kucha, asubuhi piga magoti unuse karibu na sakafu kabla hujafungua dirisha. Pakiwa safi kabisa na pamekauka, rangi ya sakafu ya mafuta itaziba vile vitundu. Ukiipaka mapema unafungia harufu ndani.

Pa kujisaidia pasiwe getini. Malori ya kwenda Tunduma na bodaboda ni mengi mno kwa mbwa aliyezoea kuta nne. Tafuta kona nyuma ya nyumba, chini ya migomba au popote ambapo barabara haionekani, na uitumie hiyohiyo kila siku. Safari ijayo akikojoa ndani, futa kwa kipande cha gunia bila kusema neno, kisha kakitandike pale konani. Harufu yake mwenyewe itamwambia mahali. Kwa kuwa mguu wake umezoea ugumu wa saruji, wiki ya kwanza weka chini ya gunia tofali mbili tatu bapa au kigae. Wiki ya pili toa tofali, ya tatu kata gunia nusu, mwisho ibaki ardhi.

Saa za kutoka: mwili wa Tomi umezoea kuwa huru usiku. Tumia zoea hilo. Safari mbili utakazotegemea zaidi ni ya saa 11 alfajiri na ya saa 4 usiku, watu wakiwa wachache. Kati yake mtoe kila baada ya saa mbili kwa wiki mbili za kwanza, akiamka, na dakika 15 hadi 30 baada ya kula. Chakula kiwe mara mbili kwa saa zisizobadilika, mathalani saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, na sahani uiondoe baada ya dakika 20. Anayekula kwa saa anakwenda haja kubwa kwa saa. Maji usimnyime. Maziwa ndiyo umnyime, maana mbwa wengi wazima huharisha wakinywa.

Mfunge kamba ya mita mbili au tatu kwenye mkanda wa kifuani. Mbwa mwenye hofu akirudi nyuma ghafla huchomoa kichwa kwenye kola, na ukiwa karibu na barabara kuu huna nafasi ya pili. Mkifika konani, simama. Usimkodolee macho, geuka ubavu, usimwamrishe. Mpe dakika kumi. Akikojoa, subiri amalize kabisa, kisha ndani ya sekunde mbili mpe kipande cha ini na mwambie kwa sauti ndogo amefanya vema. Ini: chemsha robo kilo bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kata ukubwa wa punje ya harage, weka kwenye friji, utumie siku tatu. Vipande 15 hadi 20 kwa siku vinatosha, vikizidi ataharisha na utarudi ulikotoka. Wengi hutoa zawadi mkisharudi mlangoni. Hapo unamfundisha kurudi ndani, siyo kukojoa. Na baada ya kukojoa msikimbilie kuingia, mwacheni anuse dakika tano, la sivyo atajua kwamba mkojo ndio unaomaliza matembezi, aubane.

Dakika kumi zikiisha bila kitu, rudini ndani lakini asiwe huru. Kamba iwe kiunoni mwako au mkononi mwa mtu mzima mwingine, robo saa, kisha mnatoka tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua, kwa sababu ile dakika ya kwanza ya kurudi ndani ndiyo anayoisubiri. Ukimwona anazunguka akinusa sakafu au anaelekea makochi, sema “twende” taratibu na mtoke. Ukimkuta ameshamaliza, safisha tu. Baada ya siku 14 bila mkojo ndani, ongeza nusu saa kati ya safari moja na nyingine, na uendelee hivyo mpaka pengo kati ya safari za mchana lifike muda wa saa nne au tano. Ikitokea ajali, rudi nyuma nusu saa.

Mkojo wa jioni unamhitaji baba watoto. Wiki tatu aingie kimya, bila kumwita, bila kumtazama usoni, bila kuinama juu yake. Apite, akae, adondoshe vipande viwili vya ini sakafuni ubavuni mwake na aendelee na mambo yake. Tomi akimjia mwenyewe, amkune kifuani au chini ya kidevu, kwani mkono unaoshuka juu ya kichwa unamkumbusha kandambili. Siku za mwanzo wapokeane nje, ili ukitoka utoke kwenye udongo. Hata kumfokea kwa utani kunaurudisha mkojo huu.

Kuachwa peke yake ni kazi ndefu zaidi, na ina sharti gumu: wakati wa mazoezi asiachwe hata mara moja kwa muda unaomzidi. Jumapili gawaneni, mmoja ibada ya kwanza, mwingine ya pili. Kila anapoachwa akapagawa, mazoezi ya wiki nzima yanafutika. Anzeni na ishara za kuondoka. Chukua funguo, vaa viatu, kisha kaa chini, mara tano kwa siku, mpaka asinyanyue kichwa. Halafu toka na ufunge mlango sekunde 5, rudi bila shamrashamra. Sekunde 10, 20, 8, 30, zikipanda na kushuka ili asijue zinakuja ndefu. Weka simu kwenye rafu irekodi video. Ukiona anahema bila joto, anapiga miayo, analamba midomo, anazunguka mlangoni au udenda unamtoka, muda ulikuwa mrefu. Punguza nusu. Kilele cha hofu huja mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa hiyo akishaweza dakika 40 ametulia, hatua zinazofuata zinaweza kuwa kubwa. Usimfungie bandani wala kwenye kizimba ili asikwaruze: mbwa aliyekwangua mlango mpaka damu atavunja meno kwenye nondo.

Mvua zitaanza Novemba, na huu ukame wa Agosti ndio muda wa kumwandaa. Tafuta kwenye simu sauti ya mvua juu ya bati na ya radi. Ipige kwa sauti ndogo kiasi kwamba sikio linageuka tu, dakika tano mara mbili kwa siku, naye anakula ini. Pandisha kidogo kila siku mbili au tatu, na ukiona ameacha kula, shusha. Mtengenezee maficho kabla hajarudi nyuma ya friji kwenye nyaya: meza yenye blanketi lililofunika pande tatu, kwenye chumba chenye dari, mbali na dirisha, na godoro la gunia na matambara, maana saruji ya Mbeya ni baridi hata Septemba. Mvua ikija kweli, mwache akae humo, washa redio. Akikufuata, mshike tu. Kumfariji hakumfundishi kuogopa.

Watoto wasimvute kutoka mafichoni na wasimkumbatie shingoni. Akikakamaa, akigeuza kichwa na weupe wa jicho ukaonekana, wamwachie nafasi. Ikitokea amemng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali bila kuchelewa, hata kama ni mchubuko.

Kuhusu dawa, zungumza na daktari mapema. Kwa hofu kubwa kama hii, fluoksetini hutumika sana. Huchukua wiki nne hadi sita kufanya kazi, na ikianza mwezi huu itamkuta Novemba akiwa tayari. Haiachwi ghafla, na peke yake haitoshi ikiwa mazoezi hayaendelei. Mwambie daktari dawa ya kupe mnayotumia: zile zenye amitrazi, za kuogeshea ng'ombe, ambazo huku wengi huwapaka na mbwa, hazichanganywi na fluoksetini, ni hatari kwa maisha yake. Asepromazini usiikubali iwe dawa pekee ya radi, kwa sababu inalegeza mwili huku hofu ikibaki palepale. Vidonge vya usingizi vya binadamu kutoka duka la dawa usimpe kabisa.

Mnyororo, basi, hapana. Atakojoa hukohuko alikofungwa, na hofu itageuka ukali kwa wapita njia. Kuhasiwa kunaweza kusaidia kama daktari ataona anainua mguu na kutia alama ukutani, lakini kwa mkojo wa hofu usitegemee.

Weka daftari jikoni: saa, mahali, mkojo au kinyesi, kilichotangulia. Wiki ya pili tungetarajia akojoe nje angalau kila alfajiri na kila usiku. Wiki ya nne ajali za korido ziwe zimepungua waziwazi, hata kama zile za kuachwa bado zipo. Mama mkwe akija Oktoba, mweleze kabla hajaingia kwamba asimwinamie wala kumwita, na mkabidhi vipande viwili vya ini mlangoni. Zikipita wiki nane daftari halionyeshi badiliko lolote, mpelekee daktari daftari hilo pamoja na zile video, apange upya dawa. Na kama kabla ya hapo anakojoa akiwa amelala, mkojo una damu, au ametulia kisha akabadilika ghafla akawa mkali, udenda unamtoka na anashindwa kumeza, usingoje wiki yoyote. Piga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na kama ni ule ukali na udenda, unaoweza kuwa kichaa cha mbwa, mfungie chumbani bila kumgusa na uondoe watoto.